Deni la Duka Lililofungwa

Kuna swali moja ambalo fomu ya usajili haina nafasi yake. Wanakuuliza jina, kijiji, umekuja na watoto wangapi, nani mgonjwa, nani amepotea njiani. Hakuna anayekuuliza: uliondoka na deni la nani? Na nani aliondoka na deni lako? Lakini kaa jioni na watu wazima hapa Lobule, au nenda Bidibidi, au Rhino Camp, maongezi yakishapita mvua na mgao yatafika hapo tu. Mmoja alikuwa na duka Ariwara, akaacha daftari lenye majina arobaini. Mwingine alikimbia Yei akiwa amechukua mabati kwa mkopo, na mabati yenyewe sasa yako juu ya nyumba ambayo hajui nani analala ndani yake. Wa tatu anacheka, anasema vita imemfutia kila kitu, hata madeni.

Huyo wa tatu ndiye anayenisumbua. Je, ni kweli vita inafuta? Mwenye duka akifukuzwa au akikimbia, deni lake linaenda naye, linabaki mfukoni mwako, au linakufa?

Nimechagua kulifikiria swali hili kwa kupitia maduka ya zamani ya Arua na Koboko, kwa sababu hapa jambo hili lilitokea zaidi ya mara moja, kwa watu tofauti, ndani ya miaka isiyofika kumi. Yule aliyekuwa mdaiwa akageuka kuwa mdai, kisha akageuka tena. Ni wachache walio na somo refu hivyo karibu na mlango wao.

Arua ni mji wa juzi. Eneo hili lilikuwa la mfalme wa Ubelgiji katika ule mkono wa Lado, likahamia Sudan 1910, na 1914 likaingizwa Uganda, ndipo Waingereza wakaweka boma lao pale. Boma likija, duka halichelewi. Tangu siku za Allidina Visram, yule tajiri aliyefariki 1916 baada ya kutawanya maduka kutoka pwani mpaka kwenye mto Nile, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wanafuata njia hiyo hiyo: palipo na mkuu wa wilaya na askari wachache, pana mtu anauza chumvi. Mizigo ilikuja kwa meli za mtoni mpaka Rhino Camp. Ndiyo, Rhino Camp hiyo hiyo ambayo leo ukiitaja watu wanafikiria mahema na matangi ya maji. Zamani ilikuwa bandari ndogo, na kutoka pale vitu vilipanda kwenda Arua.

Wazee wa mjini wakianza kusimulia maduka hayo, sauti zao hubadilika. Meza ndefu ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu. Mizani ya mawe. Sabuni ya mche inakatwa kwa kisu kulingana na hela uliyonayo, na chumvi inafungwa kwenye kipande cha gazeti kilichokunjwa kama pembe. Mafuta ya taa yanapimwa kwa kikopo chenye mkono mrefu, unakuja na chupa yako. Kuna jembe, kiberiti, ndoano za samaki, shanga, amerikani, kaki ya suruali za shule, minyororo ya baiskeli. Barazani yuko fundi cherehani, na fundi huyo mara nyingi ni mtu wetu, si Mhindi, kwa hiyo barazani ndipo Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili vilipokutana. Ukitaka habari ya mtu aliyeenda kukata miwa Kakira au Lugazi, ulikaa hapo. Barua ilitumwa kwa anwani ya duka. Mtoto akipotea sokoni anapelekwa dukani. Mzee mmoja aliniambia, "Mama yangu alikuwa hajui kusoma, lakini alijua kwenye kitabu cha Mhindi yeye ni ukurasa gani."

Ukurasa! Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Wengi wa watu wa West Nile walipata hela mara moja au mbili kwa mwaka: pamba ikiuzwa, tumbaku ikiuzwa, au ndugu akirudi kutoka kwenye miwa. Lakini chumvi inaisha kila wiki. Kati ya chumvi na tumbaku pana miezi, na daraja la kuvukia miezi hiyo lilikuwa daftari. Mwenye duka anaandika, wewe unabeba, msimu ukifika unalipa. Ukutani palikuwa na lile tangazo ambalo kila duka la Afrika Mashariki limewahi kuwa nalo, kwamba leo ni fedha taslimu, mkopo ni kesho. Chini ya tangazo hilo hilo mkopo ulikuwa unaandikwa kila siku. Nadhani lilikuwa linawahusu wageni tu.

Sasa tusije tukatia sukari nyingi. Nimesikia vijana wakisema zamani watu waliaminiana, siku hizi ulimwengu umeharibika. Hapana. Aliyekuwa nyuma ya meza ndiye aliyeshika kalamu. Wazee wanasema baadhi ya madaftari yaliandikwa kwa herufi za Kigujarati, na mdaiwa hakuwa na njia ya kujua kilichoandikwa. Mizani nayo ilikuwa upande wake. Msimu wa tumbaku ulipofika, mtu aliuza akapokea hela asubuhi, saa nane mchana zote ziko dukani. Kuna familia zilizotoka deni zikaingia deni mpaka babu akazeeka. Na Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake alikuta leseni, mtaji na bei ya jumla vyote viko mkononi mwa haohao. Kwa hiyo mtu akisema alinyonywa, simbishii.

Lakini angalia na upande wa pili. Tanganyika, enzi za Waingereza, kulikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: mfanyabiashara akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, deni hilo hawezi kulidai mahakamani. Walisema ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Inawezekana. Ila maana yake nyingine ilikuwa kwamba neno la Mwafrika halina uzito mahakamani, akiahidi ni kama mtoto ameahidi. Na pamoja na sheria hiyo, watu walikopa, na watu walilipa. Walilipa deni ambalo hakuna hakimu angewalazimisha kulilipa. Nikifikiria jambo hilo naona kwamba deni halikai kwenye karatasi ya serikali. Linakaa mahali pengine, na huko ndiko swali letu liliko.

Twende 1972. Tarehe 4 Agosti, Idi Amin, ambaye asili yake kwa baba ni Kakwa wa hapa Koboko, alitangaza kwamba Waasia wenye pasi ya Uingereza waondoke. Wakapewa siku 90. Kufika tarehe 8 Novemba maduka yamefungwa, kisha yamefunguliwa na watu wengine. Kamati ziligawa maduka, na wanajeshi na rafiki zao hawakukosa fungu. Ndipo Uganda ikapata lile neno la Kiswahili ambalo hata wasiojua Kiswahili wanalijua: mafuta mingi. Wengi wao hawakujua bei ya jumla wala mahali bidhaa inaagizwa. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, rafu zikabaki tupu, na nchi ikaingia kwenye magendo.

Kila mtu anazungumzia majumba na magari yaliyoachwa. Mimi nauliza kuhusu daftari. Kila duka lililofungwa mwaka ule lilikuwa na kurasa zenye majina. Asubuhi moja majina hayo yote yakawa huru. Hakuna wa kudai. Na watu walifurahi, tusidanganyane. Wengine walisema, na bado wanasema, "Alitunyonya miaka hamsini, deni gani tena?"

Hoja hiyo nimeigeuza mara nyingi, na naona imechanganya mambo mawili. Kama mwenye duka alikupunja kwenye mizani, basi una haki ya kukaa chini, kuhesabu alichokupunja, ukakitoa kwenye unachodaiwa. Pengine ukimaliza utakuta yeye ndiye mwenye deni lako. Sawa, hiyo ni hesabu, na hesabu ni ya haki. Lakini nani alikaa akahesabu? Hakuna. Hoja haikuwa "huyu kanipunja kiasi hiki". Hoja ilikuwa "hawa ni Wahindi". Aliyepunja sana, aliyepunja kidogo, na yule mzee aliyekuwa anawaongezea watoto peremende wakati wa kufunga, wote walifutwa kwa kifutio kimoja. Na mdaiwa naye, aliyedaiwa mafuta ya taa ya wiki moja na aliyedaiwa baiskeli nzima, wote wakasamehewa sawasawa na mtu ambaye hakuwa na mamlaka ya kusamehe. Anayeweza kusamehe deni ni mwenye deni. Rais hawezi kusamehe kwa niaba ya mwenye duka, kama vile mimi siwezi kukusamehe kwa kumpiga mtoto wa jirani.

Serikali baadaye ilikubali kitu kama hicho, angalau kwa majumba. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya mali kurudishwa, na miaka ya 1990 wengine walirudi wakachukua majengo yao. Ila hakuna sheria iliyozungumzia kurasa.

Sasa sikiliza jinsi gurudumu lilivyozunguka. Aprili 1979 Kampala ilianguka, Amin akakimbia. Watu wa West Nile wote, hata yule ambaye hajawahi kuona kambi ya jeshi, wakaitwa watu wa Amin. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka wakashambulia, na jeshi la serikali mpya lilipojibu halikuchagua. Arua ilivunjwa na kuporwa. Koboko ilibaki vichaka. Juni 24, 1981, watu waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa pale pale walipofikiri ni salama. Mamia ya maelfu walivuka, wengine Zaire upande wa Aru, wengine Sudan upande wa Yei.

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wenye maduka. Sasa ni Walugbara, Wakakwa, Waaringa na Wanubi, watu waliokuwa wamejenga biashara kwa jasho, siwazungumzii mafuta mingi. Nao waliacha madaftari. Na majina kwenye madaftari hayo, yale ya watu wa mbali, madereva na wachuuzi waliochukua mali West Nile kwenda kuuza kwingine, yakasema nini? Yakasema, "Hawa ni watu wa Amin, deni gani tena?" Maneno yale yale ya 1972, jina tu limebadilishwa.

Hapo ndipo mimi nilipoamua nasimama wapi. Ukikubali kwamba kabila, dini au rangi ya mdai inafuta deni, umetengeneza ufunguo ambao utafungua na mlango wako. Haukuchukua hata miaka minane kufika.

Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua Wahindi wale waliishia wapi. Zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, wakapokelewa kwenye kambi za zamani za jeshi, Stradishall, Greenham Common, Tonfanau kule Wales penye baridi. Kambi, ndugu zangu, na foleni ya chakula, na mablanketi ya msaada. Halmashauri ya mji wa Leicester ilithubutu kuweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwaambia wasije kwao, shule na nyumba zimejaa. Walikwenda hata hivyo. Leo barabara ya Belgrave pale Leicester inajulikana kwa maduka yao ya sari, dhahabu na vitamu, na mji unajisifu kwa watu ambao uliwalipia tangazo wasikanyage. Na katika miji mingi ya Uingereza, yale maduka madogo ya pembeni ambayo Waingereza wazee walikuwa wameanza kuyafunga, yalichukuliwa na watu kutoka Kampala, Jinja na Mbale, wakayafungua alfajiri mpaka usiku. Waingereza nao wana wazee wao wanaokaa kusimulia maduka ya zamani, siagi inakatwa mezani, mwenye duka anajua jina la mbwa wako. Sijui kwa nini binadamu wakizeeka wote wanakumbuka duka. Pengine ni mahali pa kwanza ambapo mtoto anatumwa peke yake.

Uingereza hiyo hiyo inanipa pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya ninachosema, na sitaki kuikwepa. Mji wa Rochdale, Desemba 1844, mafundi wa kufuma na wenzao, watu maskini, walichanga pesa wakafungua duka lao katika mtaa unaoitwa Toad Lane. Walianza na unga, siagi, sukari na mishumaa. Ndio hao ambao vyama vya ushirika duniani kote, hadi vya kahawa na pamba hapa Uganda, vinawaita baba zao. Na moja ya kanuni zao ilikuwa: hakuna mkopo. Lipa, ubebe. Watu waliowapenda maskini, wenyewe wakiwa maskini, walikataa daftari kwa sababu waliona jinsi deni la dukani lilivyomfunga mfanyakazi kwa mwenye duka, akawa anakula unga mbovu kwa sababu hawezi kwenda duka lingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kuniambia: unasifia mnyororo.

Jibu langu ni kwamba watu wa Rochdale walikuwa na mshahara wa wiki. Ulikuwa mdogo, lakini siku yake ilijulikana. Kanuni ya lipa-ubebe inamfaa mtu ambaye Jumamosi yake inakuja. Mkulima wa tumbaku wa Koboko wa zamani hakuwa na Jumamosi. Na sisi je? Tangu 2023 WFP ilipotugawa kwenye makundi kwa kiwango cha shida, wengine walibaki na sehemu ya mgao, wengine wakatolewa kabisa. Siku ya kupokea inasogea. Watoto wanakula leo. Katika hali hiyo mwanamke mwenye kibanda cha mabati pale kwenye njia panda, anayekata sabuni kama Mhindi wa zamani na kuandika kwenye daftari la shule, ndiye benki, ndiye bima, ndiye jamaa. Mashirika yakija na maswali yao yanauliza, "Mwezi huu mmekopa chakula?" Ukisema ndiyo, unawekewa alama ya hatari. Najua kwa nini wanauliza, na wana sababu. Kuna wenye maduka wanaoshika kadi ya mgao ya mtu kama rehani, na huyo mtu amekwisha, hana tena pa kugeukia. Huo ni mnyororo kweli na sitautetea.

Lakini alama ile haitofautishi kati ya aliyeshikiwa kadi na aliyeaminiwa. Msaada unapewa kwa kidole. Unaweka kidole kwenye mashine, mashine inasema wewe ni wewe, unapewa. Hakuna anayehitaji kujua kama wewe ni mtu wa neno. Mkopo wa dukani ni kinyume: hauna mashine, una "huyu namjua". Anayekukopesha amesema kwa vitendo kwamba wewe una kesho, na kwamba kesho yako utakuwa mtu yule yule. Msomi Barbara Harrell-Bond, aliyekaa na wakimbizi wa Uganda kusini mwa Sudan miaka ile ya 1980, wengi wao wakiwa watu wa hapa hapa West Nile, alitoa kitabu 1986 akakiita Imposing Aid, kwa maana msaada unaolazimishwa juu ya mtu. Alikuwa anawagusa watoaji, kwamba wanafanya mambo kana kwamba mkimbizi hana akili wala mkono. Mimi naongeza: mtu anayepokea tu, asiyedaiwa na yeyote, polepole anasahau utu uzima. Kudaiwa kunauma, lakini hakuna anayemdai mtoto.

Nije kwenye jambo lililo karibu. Jirani yangu mmoja hapa kambini, mama mwenye watoto watano, alikuwa anachukua vitu kwenye kibanda fulani. Siku moja kibanda hakikufunguliwa. Wengine walisema mwenyewe amerudi ng'ambo, wengine wakasema yuko Kampala. Deni la mama huyu lilikuwa shilingi 38,000. Msimu wa mahindi ulipofika akauza gunia, akatoa 38,000 akazifunga kwenye kitambaa, akazificha. Hiyo ni miezi mingi sasa. Mgao umepungua tangu hapo, mtoto ameugua malaria, yeye kaenda kukopa kwa mtu mwingine ili anunue dawa. Hazigusi zile. Wanawake wenzake wanamcheka, wanasema, "Mama, vita ilikusamehe, wewe unajifunga mwenyewe." Siku moja aliwajibu, nami nilikuwepo: "Ile si pesa yangu. Iko ya mutu. Nikikula ile, akirudi nitamuambia nini?"

Je, mama huyu ana haki, au ni ukaidi tu? Nimesikia mchungaji akimwambia atumie kwa ajili ya mtoto, Mungu anaelewa. Nimesikia shehe akisema deni ni deni hata kwa aliyekufa, litafutiwe warithi, ila mwenye dhiki apewe muda mpaka apate. Naona shehe na mchungaji hawako mbali sana. Kwangu mimi, mtoto akiwa kitandani na hakuna pengine pa kukopa, atumie, na deni linabaki pale pale, kitambaa kitupu bado ni kitambaa cha mtu. Deni linaweza kungoja. Hiyo ndiyo kazi yake. Asichoruhusiwa ni kile wenzake wanachomwambia, kwamba halipo. Kuchelewesha na kufuta ni vitu viwili, na vita inatupa ruhusa ya kile cha kwanza tu.

Pia nakataa ile njia rahisi ya "nitatoa sadaka kwa niaba yake". Mtu akishakosekana kabisa, hana mtoto, hana ndugu, sawa. Lakini wengi wanakimbilia sadaka kabla hata hawajapiga simu moja. Kwa nini? Kwa sababu sadaka unamchagua wewe wa kumpa, unashukuriwa, unaitwa mkarimu. Kulipa deni hakuna shukrani, unapewa tu kisichokuwa chako cha kukaa nacho. Watu wa mpakani tuna njia za kumtafuta mtu. Madereva wa Oraba na Vurra wanajua nani kafungua duka wapi. Kanisa lina orodha, msikiti una wazee, soko la Ariwara lina midomo elfu. Mtu aliyeandika majina arobaini kwenye daftari si sindano.

Na kama akipatikana baada ya miaka, unamlipa kiasi gani? Hili lilikuwa swali la kweli pale Koboko watu waliporudi kutoka Zaire na Sudan, kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Mzee mmoja mwenye duka alinisimulia habari ya baba yake, aliyefunga daftari kwenye plastiki akalizika nyuma ya nyumba kabla ya kuvuka. Waliporudi nyumba haikuwepo, daftari lilikuwepo, limeliwa pembeni na mchwa. Lakini shilingi yenyewe ilikuwa imekufa. Bei zilikuwa zimepanda mno, na 1987 serikali ikakata sifuri mbili kwenye pesa, shilingi mia ya zamani ikawa moja mpya. Deni la shilingi mia mbili la 1980 lilikuwa sasa shilingi mbili, huwezi kununulia hata kiberiti. Mdaiwa mmoja alikuja na shilingi mbili zake mkononi, kwa moyo safi kabisa, akaziweka mezani. Baba akazitazama. Akafungua ukurasa, akasoma kilichoandikwa, akasema zile mia mbili zilikuwa miche miwili ya sabuni na chupa ya mafuta ya taa, na yeye hakumkopesha karatasi, alimkopesha sabuni. Yule bwana akaondoka, akakaa wiki tatu. Akarudi na mche mmoja wa sabuni na debe la mihogo mikavu, wakabishana mpaka jua likazama kama debe la mihogo linafika thamani ya mche wa pili pamoja na mafuta, au linafika mche tu.